Shimo la Bolti Lililokufa Hesi: Namna ya Kulifufua Bila Kuiua Giaboksi

Katika kambi za askari na katika mitaa wanamokaa watumishi wa serikali, gari dogo lenye gia za otomatiki limekuwa mali ya kawaida. Mengi ya magari hayo yalitembea kwanza Japani, yakavuka bahari hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakapanda hadi kwetu Uganda. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili kuzuia kuingizwa nchini kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa kwake. Hata hivyo, yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na hata hayo yanayoruhusiwa hufika yakiwa yamekwisha kufunguliwa na kufungwa na mikono mingi. Gari la namna hiyo mara nyingi huangushwa na kitu kidogo kilichotendewa vibaya.

Kitu kidogo tutakachokitazama wiki hii ni shimo moja la bolti, lenye upana wa milimita 6 tu, lililoko chini ya giaboksi. Shimo hilo likiharibika, oili huvuja. Mwenye gari anapokwenda gereji huambiwa moja kati ya maneno mawili: ama apakwe gundi aende zake, ama giaboksi imekwisha na anunue nyingine. Ushauri wa kwanza ni wa hatari. Ushauri wa pili mara nyingi si wa kweli, nao waweza kumeza fedha zilizowekwa kwa karo ya watoto. Iko njia ya tatu, iliyo ya kiufundi, isiyo na gharama kubwa, nayo ndiyo makusudi ya makala haya.

Si lazima kila msomaji ashike spana. Lakini ni lazima kila mwenye gari, na kila mama anayebaki na gari hilo wakati mumewe yuko kazini mbali, ajue kazi inavyopaswa kufanywa, ili aweze kumwuliza fundi maswali yanayostahili.

KAZI YA SAMPU NA OILI YAKE

Chini ya giaboksi ya otomatiki limefungwa karai la bati, ambalo mafundi huliita sampu. Ndani yake hukaa oili. Katika magari mengi sampu hiyo hushikiliwa na bolti ndogo zaidi ya kumi, zilizopangwa kuzunguka ukingo wake, na baina ya sampu na giaboksi huwekwa gasketi ili oili isipite.

Oili ya giaboksi ya otomatiki ina kazi tatu. Kwanza, hulainisha vyuma visisagane. Pili, huchukua joto na kulipeleka kwenye kipoza joto. Tatu, na hili ndilo wengi hawalijui, oili hiyo yenyewe ndiyo inayotia nguvu ya kubadilisha gia. Pampu huisukuma katika vijia vyembamba, nayo hubana klachi za ndani ili gari liende. Kwa hiyo oili inapopungua, pampu huanza kuvuta hewa, mbano wa klachi hulegea, klachi huteleza, na kuteleza huzaa joto linaloziunguza.

Dalili zake ni hizi: injini hupiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, ukitia gia ya kwenda mbele, gari hukawia kabla ya kushika, na oili, ambayo kwa kawaida ikiwa mpya ni nyekundu, hugeuka kuwa ya kahawia iliyoiva na kutoa harufu ya kuungua. Magari mengi hayana taa ya kumwonya dereva kwamba oili ya giaboksi imepungua. Dereva huambiwa na gari lenyewe linapokataa kwenda, na wakati huo madhara yamekwisha kutendeka.

Iko hatari nyingine. Oili inayovuja ikirushwa na upepo juu ya bomba la moshi lenye joto kali, yaweza kuwaka. Basi tone linaloonekana sakafuni asubuhi lisidharauliwe.

HESI HUFAJE?

Hesi ni ile mistari inayozunguka kama ngazi ya mnara ndani ya shimo na juu ya bolti. Vijana wa gereji huiita thredi. Bolti ya sampu ni ya chuma. Mwili wa giaboksi, ambamo bolti huingia, ni wa alumini. Alumini imechaguliwa kwa sababu ni nyepesi, uzito wake ukiwa kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma, na pia hupitisha joto vizuri. Lakini ni laini. Chuma na alumini vikishindana, alumini ndiyo inayoliwa.

Waundaji wa magari walilijua jambo hili, kwa hiyo waliweka kipimo cha nguvu ya kukazia. Katika magari mengi ya Toyota, bolti hizo za sampu hukazwa kwa nguvu iliyo kati ya Nyutoni-mita 5 na 8 hivi, kutegemea aina ya giaboksi. Kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Tulipime jambo hili kwa lugha ya nyumbani. Ukichukua spana yenye urefu wa sentimita 25, nguvu ya Nyutoni-mita 7 ni sawa na kuning'iniza mfuko wa kilo 3 hivi mwishoni mwa mpini wake. Ni kilo tatu tu! Mwanamume mwenye afya akivuta mpini huo kwa bega lake lote, hupita kipimo hicho mara nyingi bila kutokwa jasho.

Tena mtu asidhani kuwa nguvu hiyo ni haba. Hesi ni kama mteremko mrefu uliokunjwa, nayo huzidisha nguvu ya mkono. Kwa hesabu ya kawaida ya ufundi, bolti ya milimita 6 iliyokazwa kwa Nyutoni-mita 5 tu huibana gasketi kwa mvuto unaofika kilo 400 hivi. Zidisha hiyo kwa bolti zote za sampu, utaona kwamba gasketi imebanwa vya kutosha.

Basi hesi hufaje? Mara nyingi huanza na uvujaji mdogo uliotokana na gasketi iliyozeeka. Mtu huona oili, huchukua spana na kukaza. Uvujaji hautulii, kwa sababu gasketi imekwisha kukauka. Hukaza tena. Sasa bati la sampu linajipinda kuzunguka kila bolti, na katikati ya bolti mbili hufunguka mwanya ambao haukuwapo. Uvujaji huongezeka. Hukaza mara ya tatu, na hapo husikia bolti ikilegea ghafla mkononi na kuzunguka bure. Hesi za alumini zimeng'oka.

Sababu nyingine ni kutumia mashine ya upepo, ile ya kufungulia nati za magurudumu, kwa bolti ndogo namna hii. Kuingiza bolti upande upande. Na kurudisha bolti yenye matope au yenye hesi isiyolingana na ya shimo. Kadhalika, oili iliyojaa ndani ya shimo lisilotokea upande wa pili haina pa kwenda bolti inapoingia, hivyo bolti huonekana imekaza kumbe inasukumana na oili.

KUTAMBUA UGONJWA KABLA YA KUTIBU

Fundi mwenye busara hatoi dawa kabla ya kupima. Bolti inayozunguka bure itolewe na kutazamwa. Ikiwa imevikwa kitu cheupe kinachong'aa, mfano wa waya mwembamba uliojizungusha katika hesi zake, basi hizo ndizo hesi za alumini zilizong'oka shimoni. Ikiwa bolti ni safi, jaribu bolti nyingine nzima ya ukubwa ule ule kwa vidole. Yawezekana iliyoharibika ni bolti, si shimo, na dawa yake ni kununua bolti mpya.

Kisha chukua waya mwembamba usio na ncha kali, uingize shimoni polepole hadi ugote, utie alama, uutoe na kuupima. Hapo utajua kina cha shimo. Baadhi ya mashimo yamefungwa upande wa juu, mengine yametokea ndani ya giaboksi. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana katika shimo lililotokea ndani kila takataka itakayosukumwa itaingia katika vyombo vya giaboksi.

TIBA ZA KUKATAA

Zipo tiba kadhaa zinazotolewa kando ya barabara ambazo mwenye gari anapaswa kuzikataa kwa upole lakini kwa uthabiti.

Ya kwanza ni kujaza shimo kwa kipande cha karatasi ya fedha, uzi au kijiti, kisha kugongomea bolti. Kitu hicho hakina nguvu ya kushika, na vipande vyake huweza kuanguka ndani.

Ya pili ni kubandika bolti kwa gundi ya silikoni. Silikoni huzuia majimaji mahali palipotengenezewa kazi hiyo, lakini haibebi mvuto wa bolti. Isitoshe, ziada yake hukatika, huelea katika oili na kuziba chujio.

Ya tatu ni kulazimisha bolti nene kidogo ijikatie njia yenyewe. Bolti ya kawaida si chombo cha kukatia hesi. Huingia kwa kupasua, na pembeni mwa shimo, ambapo alumini ni nyembamba, yaweza kuleta ufa. Shimo lililokufa lina dawa. Mwili wa giaboksi uliopasuka ni msiba mwingine.

Zipo pia gundi ngumu za kuunganisha chuma, zilizotengenezwa maalumu kwa kuunda hesi upya. Hizi si uongo, nazo zaweza kumfikisha msafiri nyumbani. Lakini mahali panapopata joto, oili na mtetemeko, zihesabiwe kuwa bendeji.

DAWA YA KWANZA: BOLTI NDEFU ZAIDI

Mara nyingine shimo lina kina kuliko urefu wa bolti ya kiwandani, na hesi za mwisho bado ni nzima kwa kuwa hazijawahi kuguswa. Hapo bolti iliyo ndefu zaidi yatosha.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kina cha shimo ni milimita 23, na unene wa bati la sampu pamoja na gasketi ni milimita 3. Bolti ya zamani ina urefu wa milimita 16, kwa hiyo ilikuwa ikiingia shimoni milimita 13. Bolti ya milimita 25 itaingia milimita 22, itashika hesi mpya milimita 9, na itabakiza milimita 1 kabla ya kugota. Kushika milimita 9 kwa bolti ya milimita 6 katika alumini ni kushika kwema.

Lakini hapana budi kuchunga mambo mawili. Bolti isigote mwishoni mwa shimo, kwani itaonekana imekaza ilhali haibani sampu, na ikizidi kulazimishwa itatoboa. Vilevile, mashimo mengi hayakukatwa hesi hadi mwisho kabisa. Bolti ikikataa kabla kofia yake haijagusa sampu, irudishwe nyuma, itafutwe fupi kidogo. Na katika shimo lililotokea ndani, bolti ndefu isitumiwe kabla ya kuhakikisha kwamba haitagusa kitu kinachozunguka.

DAWA YA PILI: KOILI YA HESI

Hesi zote zikiwa zimekufa, dawa iliyo bora ni kulipa shimo hesi mpya za chuma. Hufanywa kwa koili ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu, iliyosukwa mfano wa springi. Nje hushika alumini, na ndani yake huwa hesi safi za bolti ile ile ya kiwandani. Jina lake lililoenea ni Heli-Coil, ingawa zipo za watengenezaji wengine. Si jambo la kubahatisha: koili za namna hii zilitumika katika injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahali ambapo bolti za chuma zilipaswa kushikwa na metali laini. Hata leo hutumika viwandani katika vyombo vipya, ili hesi za alumini zisichakae.

Koili ya bolti ya milimita 6 haizidi punje nono ya mahindi. Huuzwa katika seti pamoja na biti ya drili, chombo cha kukatia hesi, na kijiti cha kuipachikia. Anayeishi karibu na Kampala aulize katika maduka ya vipuri ya eneo la Kisekka. Aliye mbali amtafute fundi wa mashine ya kukerezea chuma, kwa maana mafundi hao huwa na zana hizo mara nyingi. Mwambie muuzaji kipimo kamili: bolti ya milimita 6, hatua ya hesi milimita 1. Chombo cha kukatia hesi cha kawaida cha milimita 6 hakifai. Lazima kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili ya koili, ambacho ni kinene zaidi.

Kazi yenyewe huendeshwa kwa utaratibu ufuatao.

1. Gari liwekwe mahali tambarare, lizuiwe magurudumu, liinuliwe kwa jeki, kisha lishikiliwe na stendi imara za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoegeshwa juu ya matofali, kwani tofali hupasuka bila kuonya.

2. Oili iachwe ipoe, imwagwe katika chombo safi na ipimwe ni lita ngapi. Kipimo hicho kitahitajika baadaye.

3. Sampu ishushwe. Vyombo vya ndani vilivyobaki wazi vifunikwe kwa karatasi safi ya plastiki iliyobandikwa pembeni. Tambara lenye kutoa nyuzi lisitumiwe, maana uzi mmoja huweza kuziba kijia cha oili.

4. Biti ya drili iliyo katika seti, ambayo kwa koili ya milimita 6 huwa ya milimita 6.3 hivi, izungushiwe utepe kuonyesha kina kinachotakiwa. Ipakwe grisi ili chembe za alumini zinate humo. Drili iende polepole, wima kabisa na shimo. Kwa kuwa kinachoondolewa ni kidogo sana, biti huweza kujivuta ghafla ndani. Mkono na uishike kwa nguvu ya kuizuia.

5. Chombo cha kukatia hesi kilainishwe kwa mafuta ya taa, kizungushwe kwa mkono nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili chembe zikatike. Kila baada ya mizunguko michache kitolewe, kifutwe, na kirudishwe.

6. Shimo lisafishwe kabisa. Anayepuliza kwa upepo avae miwani, na asipulize kuelekea ndani ya giaboksi.

7. Koili ivikwe katika kijiti chake na kuzungushwa taratibu, bila kusukuma, mpaka mwanzo wake uzame chini ya uso wa alumini kwa robo hadi nusu ya mzunguko. Ikibaki nje, sampu haitakaa sawa.

8. Koili nyingi zina kidole kidogo cha waya mwishoni ambacho hutumika kuizungushia. Katika shimo lililotokea ndani, kidole hicho kikatwe na kutolewa kwa koleo nyembamba. Asiruhusiwe kukiacha kianguke ndani.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Ndani ya sampu za magari mengi mna sumaku ndogo za kukusanya vumbi la chuma. Wapo wanaozitegemea, wakisema kwamba chembe za drili zitashikwa nazo. La hasha! Sumaku haishiki alumini kamwe, na waya wa koili nao hauvutwi na sumaku kwa nguvu ya kutegemewa. Usafi wa kazi hii umo mikononi mwa fundi peke yake.

DAWA YA TATU: BUSHI AU BOLTI NENE

Ikiwa mtu aliyetangulia amekwisha kulipanua shimo kiasi cha koili kutoshika, hutumika bushi ya chuma, yaani kijibomba kinene chenye hesi nje na ndani. Kazi yake ni ile ile, lakini huhitaji alumini ya kutosha pembeni mwa shimo.

Njia ya mwisho ni kukata hesi za bolti kubwa zaidi, kwa mfano ya milimita 8, ambayo huhitaji shimo la milimita 6.8 kabla ya kukatwa hesi. Njia hii yawezekana pale tu ambapo ukuta wa shimo ni mnene. Pia hulazimu kupanua tundu la sampu na la gasketi. Ubaya wake ni kwamba bolti moja hutofautiana na ndugu zake, na fundi wa kesho asiyejua habari hiyo ataikaza kama bolti ya milimita 8, kisha balaa lianze upya.

KUFUNGA NI KAZI SAWA NA KUTENGENEZA

Shimo likishapona, asije mtu akaliua tena siku hiyo hiyo. Ukingo wa sampu utazamwe kwenye meza tambarare. Mahali palipovutwa juu kuzunguka matundu ya bolti pagongwe polepole kwa nyundo ndogo, chini yake pakiwa na kipande cha ubao, hadi pawe sawa. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kitu cha plastiki au mti, maana kisu huchora alumini, na mchoro huwa mfereji wa oili. Gasketi mpya iwekwe ikiwa kavu, isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza vingine.

Bolti zote zianzishwe kwa vidole kwanza. Ile isiyokubali vidole isilazimishwe kwa spana. Kisha zikazwe kwa awamu mbili au tatu, kutoka katikati kwenda pembeni na kwa kuvukana, ili gasketi ibanwe sawasawa. Spana ya kupimia nguvu ndiyo chombo kinachostahili. Asiyekuwa nayo aazime, au ashike spana fupi namba 10 karibu na kichwa chake, akaze kwa vidole na kifundo cha mkono tu, bega lipumzike.

Oili itakayotiwa iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Oili za giaboksi zinafanana rangi lakini hazifanani kazi. Anza kwa kurudisha kiasi kile kile kilichomwagwa. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, kisha upime kwa kijiti oili ikiwa ya moto, kama kitabu kinavyoelekeza. Gari lisilo na kijiti hupimwa kwa njia yake maalumu, na hilo mwachie fundi anayelifahamu. Usiku huo tandika kadibodi safi chini ya giaboksi. Asubuhi itakupa majibu.

Oili ya zamani isimwagwe mtaroni. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji machafu ya Kampala hadi Ziwa Viktoria, katika ghuba ile ile ambayo Ggaba huteka maji ya kunywa ya mji. Anayemwaga oili mferejini anaimwaga katika mtungi wa jirani yake. Iwekwe katika dumu na ipelekwe kwa wanaokusanya oili chafu.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mama mwenye nyumba, au askari aliyekuja likizo siku chache, huenda asipate nafasi ya kufanya haya yote mwenyewe. Basi amwulize fundi maswali matano kabla ya kukubali kazi, kwa heshima, kama inavyompasa mtu kumsemesha mwenye ujuzi wake:

Je, fundi, umepima kina cha shimo, na limefungwa au limetokea ndani?

Je, utatumia bolti ndefu, koili au bushi, na kwa sababu gani?

Je, utazuiaje chembe za alumini zisiingie juu?

Je, bolti hizi hukazwa kwa kipimo gani katika gari hili?

Je, utatia oili ya aina gani, na lita ngapi?

Fundi anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika, tena atafurahi kukutana na mtu anayethamini kazi njema. Anayejibu kwamba mambo hayo ni ya vitabuni, na kwamba yeye hukaza tu mpaka mkono utosheke, mshukuru kwa wakati wake na uondoke na gari lako.

Askari wetu wanaufahamu ukweli huu kuliko wengi. Silaha hutunzwa kwa kitambaa, oili na utaratibu wa kila siku, na mwanafunzi wa kwanza anayelazimisha kipande kiingie kwa nguvu huambiwa mara moja akirudishe na akitazame upya. Giaboksi nayo ni vivyo hivyo. Bolti inapovuja, swali la kwanza lisiwe ni nani mwenye mkono wenye nguvu, bali gasketi ina umri gani na bati limekaa sawa. Na ikiwa hesi zimekwisha kufa, punje moja ya koili, iliyopachikwa kwa mkono mtulivu, itaiokoa giaboksi nzima, na fedha za karo zitabaki zikingojea siku ya kufunguliwa shule.